Rangi Si Damu: Tupike Supu ya Bitiruti na Nyama ya Ng'ombe Nyumbani

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na afisa wa lishe wa kaunti mbele ya wakazi waliokusanyika katika ukumbi wa wadi, siku ya mafunzo ya upishi na lishe ya familia. Tumeyachapisha kwa ombi la waliohudhuria, ili na wale ambao hawakuweza kufika wafaidike.

Nawashukuru wahudumu wa afya ya jamii ambao wamepita nyumba hadi nyumba kuwaalika. Nawashukuru pia kina mama wa kikundi walioamka mapema kuwasha moto. Harufu hiyo mnayoisikia ni nyama ya ng'ombe. Imekuwa motoni tangu saa mbili asubuhi, na tukimaliza mazungumzo kila mtu atapata bakuli lake. Kwa hivyo msiwe na haraka ya kwenda nyumbani.

Leo tunapika supu ya bitiruti na nyama ya ng'ombe. Supu hii haikuanzia kwetu. Ni chakula cha nyumbani cha watu wa Ukraine na nchi jirani za Ulaya Mashariki, nao huiita borscht. Huko kila nyumba ina namna yake ya kuipika, na mama humfundisha binti yake. Mwaka 2022 shirika la UNESCO liliuweka upishi wa borscht wa Ukraine katika orodha ya urithi wa utamaduni unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa sababu vita vilikuwa vimewahamisha watu kutoka majumbani na mashambani mwao.

Mimi sikuichagua ili tuwaige watu wa Ukraine. Niliichagua kwa sababu nilipoangalia vitu vinavyoingia katika sufuria yao niliona bitiruti, kabichi, karoti, viazi, vitunguu, nyanya na nyama ya ng'ombe. Ni kitu gani hapo hakipatikani katika soko letu? Hakuna. Na kuna sababu ya pili, ambayo ndiyo iliyonileta hapa. Ni lazima tuzungumze juu ya bitiruti na damu.

Yaliyonipata mimi mwenyewe

Nikiuliza hapa bitiruti inasaidia nini, najua jibu nitakalopata. Haya, semeni. "Inaongeza damu!" Mmesikia? Ukumbi mzima umejibu kwa sauti moja. Hata mimi niliwahi kujibu hivyo, na nilikuwa tayari nimesomea kazi hii ya lishe.

Nilikuwa na mimba ya mtoto wangu wa pili. Kliniki walinipa tembe za madini ya chuma na foliki asidi, zilezile wanazopewa kina mama wote wajawazito. Zilikuwa zinanichafua tumbo. Nikila moja asubuhi, kichefuchefu kinanishika hadi mchana. Mama mkwe wangu akanionea huruma. Kila asubuhi alinisagia bitiruti mbili, akachuja, akaniletea gilasi iliyojaa. Aliniambia, "Mwanangu, achana na hizo dawa zinazokutesa. Si unaona hii ilivyo nyekundu? Hii ni damu tupu." Nikanywa. Halafu nikateremshia na kikombe cha chai ya rangi ili niondoe ile ladha ya udongo. Tembe nikaziweka kwenye kabati.

Nilifanya hivyo miezi mitatu. Kliniki nikiulizwa kama nameza tembe, najibu ndiyo. Nilidanganya, tena nikiwa mtu wa afya. Mwezi wa nane nikaanza kuchoka hata nikitandika kitanda. Nikipanda ngazi moyo unadunda. Kuna siku nilijikuta natamani kula yale mawe laini yanayouzwa sokoni, nikanunua, nikala nikiwa nimejificha jikoni. Nilipopimwa, damu yangu ilikuwa 8. Kwa mama mjamzito, kiwango kinachotakiwa ni 11 kwenda juu. Muuguzi akashika mkono wangu, akafungua kiganja, akakiangalia kilivyokuwa cheupe. Akaniuliza, "Dada, ukweli ni upi?" Ndipo nikamweleza.

Walinianzishia matibabu, lakini muda uliobaki ulikuwa mfupi. Siku ya kujifungua nilivuja damu nyingi kuliko kawaida. Mwanamke mwenye damu ya kutosha angeweza kustahimili. Mimi sikuwa na akiba. Kaka zangu wawili walitoka kazini wakaja kutoa damu. Mama mkwe alikaa kwenye benchi nje usiku kucha, akiwa na ile chupa ya juisi mkobani.

Mtoto ni mzima, yuko shule. Nami niko hapa mbele yenu. Mama mkwe simlaumu, kwa sababu alichonipa alinipa kwa upendo. Mwenye elimu alikuwa mimi. Basi nimeamua kwamba kila nikisimama mbele ya sufuria ya bitiruti nitalisimulia jambo hili, hata kama linaniaibisha.

Kilichomo ndani ya sufuria

Sasa tuangalie ukweli wa bitiruti. Wekundu wake si chuma wala si damu. Ni rangi ya mmea, kama vile manjano inavyokuwa na rangi yake. Gramu 100 za bitiruti zina madini ya chuma yasiyofika miligramu 1. Gramu 100 za nyama nyekundu ya ng'ombe zina takriban miligramu 2 hadi 2.5. Na si wingi peke yake. Chuma kilicho katika nyama mwili hukipokea kwa urahisi zaidi kuliko chuma kilicho katika mboga. Tena nyama ikiliwa pamoja na mboga, huusaidia mwili kukipokea hata kile chuma cha mboga.

Je, bitiruti haina kazi? Ina kazi nzuri. Ina foleti kwa wingi, ambayo ni vitamini mwili unayoihitaji kutengeneza chembe za damu. Ina nyuzinyuzi, ina madini ya potasiamu. Viungo vingine pia vina mchango wao. Nyanya, kabichi na limau vina vitamini C, ambayo husaidia mwili kupokea chuma. Kwa hivyo supu hii ni kama kikundi cha chama: nyama inaleta chuma, bitiruti inaleta foleti, limau na nyanya vinafungua mlango. Ukiitoa nyama ukabaki na juisi nyekundu, umebaki na mwanachama mmoja, na mwanachama mmoja hawezi kuendesha chama.

Na hata chama hiki kina kikomo. Mama mjamzito anahitaji karibu miligramu 27 za chuma kila siku. Bakuli moja zuri la supu hii, lenye nyama na mboga zake, litampa miligramu chache tu kati ya hizo. Tembe moja ya kliniki ina miligramu 60 za chuma na maikrogramu 400 za foliki asidi. Mnaona tofauti? Supu ni chakula, na tembe ni tembe. Mama anahitaji vyote viwili.

Mahitaji ya kwenda nayo sokoni

Sufuria hii inatosha watu sita. Andikeni, au piga picha ubao ule.

Nyama ya ng'ombe yenye mifupa, robo tatu kilo.
Bitiruti tatu za ukubwa wa ngumi, karibu nusu kilo.
Karoti mbili.
Vitunguu viwili.
Viazi vinne.
Robo ya kabichi ya kiasi.
Nyanya nne zilizoiva.
Kitunguu saumu, punje tatu.
Limau moja kubwa, au vijiko viwili vikubwa vya siki.
Mafuta ya kupikia, vijiko vitatu vikubwa.
Chumvi, kijiko kimoja kidogo.
Pilipili manga kidogo na shada la dania.
Maji, lita 3.

Kuhusu nyama, msinunue minofu ya bei ghali. Mwambie mwenye bucha akukatie kifua, mbavu au mguu. Nyama hizo ni ngumu, lakini zikipikwa taratibu ndizo zinazotoa supu nzito yenye ladha. Nunua mahali ambapo nyama imekaguliwa, na usione haya kuuliza muhuri wa mkaguzi uko wapi. Nyama ya kuchinjwa kichakani huenda ikawa rahisi mfukoni, lakini ugonjwa wake una gharama.

Bitiruti chagua ndogo na za kiasi, ngumu, zisizo na mikwaruzo. Zile kubwa sana mara nyingi huwa na nyuzi ngumu ndani. Ukizipata na majani yake mabichi, chukua na majani. Ni mboga. Yaoshe, yakatekate, uyakaange kama sukuma wiki au spinachi siku inayofuata. Nimeona watu wakimwachia mwuzaji majani hayo awape mbuzi, kisha wanaenda meza ya pili kununua spinachi. Mmea ni wa jamii moja!

Jinsi ya kupika

Kwanza, supu. Osha nyama na mikono yako, lakini usiiloweke. Itie katika sufuria yenye maji baridi, uwashe moto. Ikianza kuchemka utaona povu la kijivu likipanda juu. Litoe kwa kijiko hadi supu iwe safi. Tia kitunguu kimoja kizima kilichomenywa. Punguza moto, funika, uache itokote polepole kwa saa moja na nusu hadi mbili. Polepole, jamani. Moto mkali unakausha nyama na kuchafua supu, na makaa yanakwisha bure. Mwenye sufuria ya presha atatumia kama dakika 40. Mwenye jiko la makaa anaweza kupika maharagwe ya kesho upande wa pili.

Pili, bitiruti. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu anakata bitiruti anazitumbukiza pamoja na nyama tangu mwanzo. Baada ya saa mbili supu imekuwa ya hudhurungi, kama maji ya mto wakati wa mvua, na bitiruti zimepoteza ladha. Rangi ya bitiruti huharibiwa na moto wa muda mrefu, lakini hulindwa na uchachu. Basi tutazipika kando.

Menya bitiruti na karoti, uzikwaruze kwa greta au uzikate vipande vyembamba kama njiti za kiberiti. Vaa aproni, maana rangi hii haiogopi nguo nyeupe. Tia mafuta katika kikaango, kaanga kitunguu cha pili hadi kilainike, tia karoti, kisha bitiruti. Koroga dakika tano. Sasa kamua nusu ya limau. Angalieni hapa mbele: mmeona rangi ilivyong'aa? Hiyo ni kazi ya limau. Linapunguza pia ile harufu ya udongo ambayo watoto wengi hawaipendi. Tia nyanya zilizokatwakatwa na upawa mmoja wa supu. Funika, moto mdogo, dakika 15 hadi 20.

Kuna jambo moja nawaomba: msitie magadi. Najua tumezoea kutia magadi kwenye mboga ili zilainike. Kwenye bitiruti magadi yanaua rangi, inakuwa ya manjano chafu, na tena yanaharibu vitamini. Magadi tuyaweke mbali na sufuria hii.

Tatu, kuunganisha. Toa nyama katika supu, toa na kile kitunguu kizima. Ondoa mifupa, kata nyama vipande vidogo. Katika supu inayotokota tia viazi vilivyokatwa. Viazi viingie kabla ya mchanganyiko wa bitiruti, kwa sababu uchachu wa limau na nyanya hufanya viazi vikawie kuiva. Baada ya dakika kumi tia kabichi iliyokatwa nyembamba. Baada ya dakika tano nyingine tia bitiruti zote na mchuzi wake, na urudishe nyama. Sasa ndipo tunatia chumvi, kijiko kimoja kidogo kwa sufuria nzima. Mtu mzima hatakiwi kuzidisha gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja kidogo, kwa vyakula vyake vyote. Ukitia na zile kyubu za kuongeza ladha, kumbuka nazo ni chumvi. Limau na pilipili manga vitakupa ladha bila hizo.

Acha itokote taratibu dakika tano tu baada ya bitiruti kuingia. Onja. Kama haijachangamka, kamua ile nusu ya limau iliyobaki. Ponda kitunguu saumu utie, nyunyiza dania, funika, epua. Iache itulie dakika 20 kabla ya kupakua. Usiikimbilie. Watu wa Ukraine husema supu hii ni tamu zaidi siku ya pili, na mimi nakubaliana nao.

Kuhusu hiyo siku ya pili: mwenye friji aipoze, na isikae nje zaidi ya saa mbili, kisha aiweke humo. Aimalize ndani ya siku tatu. Unapopasha, pakua kiasi cha kula na uchemshe hadi itoe mvuke mwingi. Asiye na friji apike ya kuliwa siku hiyohiyo. Supu ya nyama iliyolala nje usiku kucha si ya kuonjaonja, hata kama inanukia vizuri.

Kupakua ni kazi pia

Huko Ukraine huweka juu ya kila bakuli kijiko cha malai ya maziwa yaliyochachushwa. Sisi tuna maziwa lala. Kijiko kimoja juu ya supu moto, na utaona inavyopendeza. Si lazima. Na si lazima uile na mkate. Ugali unaifaa, chapati inaifaa, na kwa kuwa ina viazi, wengine wataila hivyohivyo.

Lakini nawaomba tuangalie upawa unavyotembea. Katika nyumba nyingi nyama inaenda kwa baba, inayobaki inaenda kwa wavulana wakubwa, na mama mwenye mimba anapata supu. Mtoto mdogo naye anapewa maji ya supu katika kikombe, tunasema, "Amekunywa supu, ameshiba nguvu." Wapendwa, chuma cha nyama kiko ndani ya nyama yenyewe. Kile kinachotoka na kubaki katika maji ni kidogo. Mtoto wa miezi sita na zaidi apewe nyama yenyewe, imekatwa ndogo sana na kupondwa pamoja na kiazi na bitiruti, akaichovya kidogo katika supu. Mtoto ambaye hajafika miezi sita hapewi supu wala juisi ya bitiruti. Chakula chake ni maziwa ya mama peke yake.

Kina baba mlioko hapa, nawasalimu kwa heshima. Hakuna anayetaka kuwanyima nyama. Nawaomba tu leo jioni mmwambie mama, "Anza na wewe." Maneno matatu tu. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa hupoteza damu kila mwezi, na akiwa mjamzito anatengeneza damu ya watu wawili. Yeye ndiye mwenye deni kubwa la chuma katika nyumba hiyo.

Na chai? Chai tunaipenda wote. Lakini majani ya chai yana vitu vinavyozuia chuma kisipokelewe na mwili, na kahawa vivyo hivyo. Ukila supu hii ukateremshia na chai, umefungua mlango kwa limau ukaufunga kwa chai. Subiri angalau saa moja. Pamoja na mlo, kunywa maji au kula chungwa.

Kwa wenye kipande cha ardhi

Wengi hapa tuna nafasi nyuma ya nyumba, au hata kigunia cha mboga. Bitiruti inapenda hali ya baridi na udongo mlaini usiotuamisha maji. Panda mbegu moja kwa moja mahali itakapokua, mistari ikiachana sentimita 30. Kile unachokiita mbegu moja mara nyingi ni kifundo cha mbegu kadhaa, kwa hivyo itaota miche miwili au mitatu pamoja. Punguza, ubaki na mche mmoja kila sentimita 10. Miche uliyong'oa ni mboga. Baada ya miezi miwili hadi mitatu zinakuwa tayari. Vuna zikiwa za ukubwa wa ngumi. Kwa maelezo zaidi muoneni afisa wa kilimo wa wadi, yuko pale mlangoni na vijitabu vyake.

Maswali kutoka kwa wakazi

Swali: Nikila bitiruti, mkojo wangu unakuwa mwekundu. Mara ya kwanza nilidhani ninakufa. Ni ugonjwa?

Jibu: Pole, mama. Kwa watu wengine rangi hiyo hupita mwilini na kuonekana katika mkojo au choo. Haina madhara na hupotea baada ya siku moja au mbili. Lakini ikiwa hujala bitiruti na unaona wekundu, au unaendelea baada ya kuacha, nenda kituo cha afya. Pia, jambo hili huonekana zaidi kwa watu waliopungukiwa na chuma, kwa hivyo ukipata nafasi pima damu.

Swali: Mimi nina presha na nimesikia bitiruti inateremsha. Niache dawa?

Jibu: Hapana, mzee wangu. Ni kweli bitiruti ina kitu kinachosaidia mishipa ya damu kutanuka, na presha inaweza kushuka kidogo. Kidogo hicho hakiwezi kuchukua nafasi ya dawa. Kula supu, punguza chumvi, endelea na dawa, na umweleze daktari wako. Aliye na ugonjwa wa figo, au aliyewahi kuwa na mawe kwenye figo, aulize kwanza kabla ya kula bitiruti kwa wingi.

Swali: Nyama ni ghali. Asiye na uwezo wa kununua robo tatu kilo afanye nini?

Jibu: Nimefurahi umeuliza. Tumia robo kilo na uongeze maharagwe au ndengu zilizochemshwa. Hata nyama kidogo inasaidia chuma cha maharagwe kipokelewe. Siku isiyo na nyama kabisa, pika omena, au pika ndengu na ukamue limau juu yake. Maini nayo yana chuma kingi na kipande kidogo kinatosha familia, ila mama mjamzito asiyatumie bila kuuliza kliniki, kwa sababu yana vitamini A nyingi mno ambayo inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Swali: Hizo tembe zinanichafua tumbo kama zilivyokuchafua wewe. Nifanyeje?

Jibu: Ningekuwa nimeuliza swali hilo wakati ule, badala ya kuficha tembe kabatini, nisingepitia niliyopitia. Jaribu kumeza baada ya chakula, au usiku unapokwenda kulala. Choo kikiwa cheusi usiogope, ni ile chuma. Ukifunga choo, kunywa maji na ule mboga, na supu hii itakusaidia. Ikiendelea kukusumbua, rudi kliniki na useme ukweli. Watakusaidia, hawatakugombeza. Usidanganye kama nilivyodanganya mimi.

Swali: Nitajuaje kama damu yangu imepungua?

Jibu: Dalili ni uchovu usioisha, kizunguzungu, moyo kwenda mbio, kupumua kwa shida ukifanya kazi ndogo, viganja na ndani ya kope kuwa vyeupe, na hamu ya kula udongo au mawe. Lakini dalili zinaweza kuchelewa. Kinachojulisha ni kipimo. Tena upungufu wa damu unaweza kuletwa na malaria, minyoo, kuvuja damu, au ugonjwa wa kurithi kama selimundu. Hayo hayatibiwi kwa supu. Ndiyo maana tunasema upime kwanza.

Neno la mwisho

Wapendwa, sijaja kuwakataza bitiruti. Nimeipika mbele yenu na ninaipenda. Nimekuja kuomba tusiiongopee wala tusiibebeshe mzigo usio wake. Rangi si damu. Ukimpikia binti yako au mke wa mwanao supu hii, mpe na nyama. Mwulize kama amemeza tembe. Fungua kijitabu chake cha afya ya mama na mtoto uone tarehe ya kurudi kliniki. Mama mkwe wangu sasa hufanya hivyo kwa kila msichana mjamzito katika mtaa wetu, hata wale wasio wa ukoo wake. Wengine humwona msumbufu. Mimi namwona mhudumu wa afya.

Wahudumu wetu wa afya ya jamii wako upande wa kushoto, wamevaa aproni zao. Mama yeyote mjamzito ambaye hajaanza kliniki awaone leo kabla hajaondoka. Na sasa nyote mpange mstari, tupakue supu. Kina mama wajawazito na wenye watoto wadogo watangulie mbele, na wapewe nyama.